Namna ya Kutoa Ushuhuda Kanisani bila Kujitukuza

Anayetaka kutoa ushuhuda Jumapili aianze kazi hiyo nyumbani, siku kadhaa kabla, kwa kusoma taratibu Luka 18:9-14. Huenda maneno ya yule Farisayo, mtu wa dini anayesali hekaluni katika mfano huo wa Yesu, yalikuwa kweli tupu, kwani alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka katika mapato yake yote. Kilichomharibia sala ni kujipima kwa mtoza ushuru aliyesimama mbali akijipiga kifua. Kwa hiyo andika ushuhuda wako, kisha pigia mstari kila mahali ulipojilinganisha na mwingine na kila mahali unapoonekana shujaa. Sehemu hizo zifute, hata kama ndizo tamu kuliko zote.

Baada ya hapo, taja dhambi kwa jina lake. Kusema “nilikuwa na udhaifu fulani, Bwana akanishindia” hakumgharimu mtu chochote. Kusema “nilimfokea mke wangu mbele ya watoto kwa sababu ya deni nililomficha, na juzi nimemwomba msamaha” ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo, siri ya mwenzako si mali yako: usiyaseme yanayomhusu bila ridhaa yake, na usieleze dhambi kwa undani unaowafanya wasikilizaji waitamani au waione kama hadithi.

Hatua iliyo ngumu kuliko zote hufanyika nje ya kanisa. Mathayo 5:23-24 yaagiza sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka mtu apatane kwanza na ndugu yake, na Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne alichomnyang'anya mtu kwa hila. Wakristo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, walilitenda neno hili waziwazi: walioiba walirudisha vitu kwa wenyewe, na maisha hayo ya kutoficha waliyaita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Mimi mwenyewe niliwahi kuandaa ushuhuda mzuri juu ya uaminifu huku nikiwa na shilingi 20,000 za jirani, nilizokuwa nimezikana kwa miezi. Nilimkuta uani akipepeta mchele. Aliushika ungo kwa mkono mmoja, akapokea zile noti kwa mkono mwingine bila kuzihesabu, akaniuliza kama nimekunywa chai. Ule ushuhuda niliokuwa nimeuandaa niliuchana siku hiyohiyo.

Unaposimama, dakika tatu zinatosha. Zungumza kwa sauti yako ya kila siku, ile unayomwitia mtoto au kumsalimia muuza mboga, kwa maana sauti ya kuazima huwafanya watu wakutazame wewe. Machozi yakija, yaache yaje; usiyatafute. Wanaokufuata nje na kukusifu, washukuru kwa ufupi bila kuurudia ushuhuda upya mlangoni.

Na kama bado unapambana na jambo lenyewe, sema kwamba bado unapambana, waombe ndugu wakuombee kama Yakobo 5:16 inavyoelekeza, kisha keti, bila kuutungia ushuhuda wako mwisho ambao bado hujaufikia.