Somo: Kutembea kutoka Lamu Mjini hadi Ufuo wa Shela, na Namna ya Kupanga Saa ya Kuondoka

Kila likizo inapokaribia, swali la wanachama wa jukwaa letu ni lile lile: "Nikitaka kwenda Shela kwa miguu, niondoke saa ngapi?" Nimeona afadhali niliandike jibu mara moja, kikamilifu, kwa sababu anayejibu kwa kutaja saa moja tu humpoteza muulizaji: saa inayofaa leo haitafaa wiki ijayo.

Hatua ya 1. Chagua msimu. Wakati wa kaskazi, tangu Disemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi. Wakati wa kusi upepo ni mkali na mawimbi ya upande wa bahari kuu ni makubwa, kwa hiyo panga kutembea, usipange kuogelea.

Hatua ya 2. Yajue maji kabla ya kuijua njia. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, na hapa ndipo ninapowaomba msome polepole. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo tarehe ya mwezi mwandamo itawasaidia kuliko tarehe ya kalenda ya ukutani. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, ni za bamvua: maji hujaa sana kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi na hupwa alasiri, ingawa tofauti ya kina huwa ndogo.

Ondoka mjini muda wa saa mbili kabla ya maji kufikia mwisho wa kupwa, na yakifika mwisho huo, geuka urudi, hata kama mbele kunapendeza. Onyo: siku za bamvua, maji yakikaribia kujaa, bahari hufunika sehemu za njia ya ufukoni kati ya mji na Shela na kugonga kuta za majengo. Usijaribu kupita majini ukiwa na mtoto au mzigo. Zunguka kwa njia ya ndani au panda boti. Onyo la pili: jedwali la maji kujaa na kupwa lililo kwenye simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 16:20 ni saa kumi na dakika ishirini alasiri. Ukiwa na shaka, muulize nahodha yeyote gatini. Hakuna atakayekunyima jibu.

Hatua ya 3. Beba maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu, kofia, na viatu vya kukingia miguu makombe na vipande vya matumbawe.

Hatua ya 4. Kutoka gatini, elekea kusini ukiiweka bahari upande wako wa kushoto. Shela iko umbali wa kilomita tatu hivi, mwendo wa dakika arubaini na tano. Ni mji wa watu wenye dini na heshima zao, na Msikiti wake wa Ijumaa ulijengwa mwaka 1829. Vaa nguo za staha unapopita vichochoroni, na mavazi ya kuogelea yabaki ufukoni.

Hatua ya 5. Ukiipita Shela, ufuo unafunguka kwa takriban kilomita kumi na mbili, bila duka wala kivuli. Tembea kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji, kwa maana ule mlaini wa juu humaliza nguvu upesi.

Maswali ya wanachama

Mgeni wa Thika: Niko ndani ya basi la Mokowe, kwenye gati la bara la kuvukia Lamu. Nitajie saa tu, sina muda wa kusoma yote.

Jibu: Soma hatua ya pili. Mokowe bado ni mbali.

Msafiri 2: Kwani boti hazipo? Mnajichosha bure.

Jibu: Boti zipo, na nimezitaja. Somo hili ni la wanaotaka kutembea.

Mama wa Wawili: Assalaam aleikum. Tutafika siku za maji mafu pamoja na watoto. Je, tuende alasiri?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Naam, ondokeni saa nane, na ikifika saa kumi geukeni hata kama maji bado yanapwa, kwa sababu giza huingia baada ya saa kumi na mbili na nusu. Watoto wasiogelee kwenye mlango wa bahari kati ya Shela na kisiwa cha Manda. Mkondo wa hapo una nguvu.

Mwanafunzi wa Malindi: Kwa nini bamvua hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na si wakati mwingine?

Jibu: Swali zuri sana. Nyakati hizo jua, mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, basi mvuto wa jua huongezea ule wa mwezi. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa upande mwingine na kupunguza nguvu hiyo, ndipo tunapopata maji mafu. Zile dakika hamsini hutokana na mwezi kusonga mbele katika mzunguko wake, hivyo dunia huhitaji muda zaidi kuufikia.

Mwanafunzi wa Malindi: Ahsante. Na vilima vya mchanga, inafaa kuvipanda?

Jibu: Tafadhali usivipande. Mvua huchujwa na mchanga ule, na maji matamu hukaa chini yake juu ya maji ya chumvi. Ndiyo yanayonywesha mji wa Lamu. Mchanga ukichimbwa au mimea inayoushikilia ikikanyagwa, visima vinaharibika.

Msafiri 2: Nimesoma sasa. Naweza kufika Kipungani, kile kijiji cha mwisho wa kisiwa, bila kurudi kwa miguu?

Jibu: Unaweza, bwana, ukipatana na nahodha wa boti siku moja kabla, naye ndiye atakayeamua saa kulingana na maji. Ukifika, nunua mkeka moja kwa moja kwa kina mama wanaousuka. Ukili wao, yaani ule msuko wa majani ya mkindu, ni mzuri sana.