Namna ya kuharakisha madai ya VA: kwa wenzangu tuliovaa magwanda Marekani

Sisi Wakenya, Wakongo na Watanzania tuliojiunga na jeshi la Marekani tuna tabia moja. Tukitoka tunakimbilia lori au zamu za hospitali, na masikio yanayovuma tunayazoea. Kama ndiyo hali yako, tuma fomu 21-0966 leo, kabla ya kutafuta karatasi nyingine yoyote. Inaijulisha VA, idara ya Marekani ya maveterani (waliowahi kuwa jeshini), kwamba unakusudia kudai fidia ya maradhi au majeraha ya jeshini, basi, ushahidi hauhitajiki. Una mwaka mmoja wa kuleta madai yenyewe, na yakikubaliwa, kwa kawaida malipo huhesabiwa tangu tarehe ile ya kwanza. Aliye bado jeshini anaweza kudai siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka.

Sheria iliyofupisha njia kuliko zote ni PACT, iliyotiwa saini Agosti 10, 2022. Zamani ilikubidi uthibitishe kwamba moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini ndio uliokuletea pumu. Ushahidi huo ungeutoa wapi? Sasa ukionyesha ulihudumu Iraki, Kuwait au Somalia tangu Agosti 2, 1990, au Afghanistan na Djibouti tangu Septemba 11, 2001, na una ugonjwa ulio kwenye orodha, kama pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, sainasi sugu au saratani kadhaa, sheria inachukulia jeshi ndilo chanzo. Usiseme hiyo ni ya waliopigana. Mimi nilitengeneza malori Djibouti, risasi sikufyatua, na inanihusu.

Madai yenyewe ni fomu 21-526EZ. Ambatisha kila kitu kwa mara moja: DD214 (cheti cha kutoka jeshini), rekodi za daktari, na maelezo ya mwenzako wa kikosi au mkeo kwenye fomu 21-10210. Mke anayekusikia ukikohoa saa nane za usiku ni shahidi mzuri. Cheti cha hospitali ya nyumbani kilichoandikwa kwa Kiswahili, kiambatishe na tafsiri. Kama una miaka 85 au zaidi, huna makazi, au una ugonjwa usiopona unaoelekea kukuua, ongeza fomu 20-10207 upangwe mbele.

Halafu kwa kawaida utaitwa kupimwa. Simu ya namba usiyoijua, ipokee. Ukikosa miadi bila sababu, madai yanaweza kukataliwa. Na hapa ndipo wengi wetu tunajiponza. Tumelelewa kumjibu kila mtu kwamba hatujambo, hata mgongo ukiwa umekaza. Daktari ataandika hivyo hivyo, kwamba huna tatizo la mgongo. Mweleze siku mbaya: huwezi kufunga kamba za viatu, unalala umekaa. Usiongeze chumvi, lakini usipunguze.

Ukikataliwa, sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kazi Februari 2019, inakupa njia tatu, nawe una mwaka wa kuchagua. Una ushahidi mpya? Fomu 20-0995. Huna, ila unaona walisoma vibaya? Fomu 20-0996, afisa wa juu apitie upya. Bodi ya rufaa, fomu 10182, kwa kawaida ndiyo inayokawia zaidi, kwa hiyo mimi humshauri mtu aanze na hizo mbili.

Wawakilishi walioidhinishwa na VA kutoka vyama vya maveterani hukujazia haya yote bure. Unawateua kwa fomu 21-22. Atakayekudai asilimia ya malipo ili akuandikie madai ya kwanza anavunja sheria, hata kama mnasali kanisa moja.