A340E inateleza: tafuta kilichounguza pleti kabla ya kununua nyingine

A340E ya Toyota, giaboksi ya otomatiki ya gia nne iliyofungwa kwenye Mark II, Chaser na Cresta nyingi za miaka ya 1990, haifi bila sababu. Ukiifungua ukakuta pleti (sahani za klachi na breki za ndani) nyeusi, umejua kilichoungua tu, kilichoziunguza bado. Fundi anayefunga seti mpya bila kumtafuta mchawi hurudishiwa gari lilelile baada ya miezi michache. Maelezo haya ni ya zile zenye kebo ya throto, waya unaotoka kwenye throto ya injini kwenda kwenye boksi.

Kabla ya kuishusha

Anza na oili. Endesha gari mpaka oili ifike nyuzi 70 hadi 80, simama pa tambarare, injini iendelee kuunguruma. Pitisha mkono wa gia kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo uchomoe kijiti. Oili ikae kati ya alama mbili za HOT. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: nyekundu au kahawia nyepesi, endelea na vipimo, nyeusi yenye harufu ya kuungua, pleti zimeshakwenda. Ikiwa na rangi ya maziwa ya stroberi, maji yamepenya kupitia kula (kipoza oili, "cooler") iliyo ndani ya rejeta. Hapo acha vipimo vingine vyote. Gundi inayoshika karatasi ya pleti huachia ikilowa maji, kwa hiyo boksi linafunguliwa na rejeta inabadilishwa, hata kama gari bado linatembea vizuri.

Kisha kebo. Mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka mwisho, wewe uangalie upande wa injini: nafasi kati ya mwisho wa kifuniko cha mpira na kile kidude kilichobanwa kwenye waya iwe milimita 0 hadi 1. Wengi hudhani kebo hii ndiyo inayoamua gia ibadilike lini. Kwenye A340E kazi hiyo ni ya kompyuta. Kebo inapanga presha ya oili. Ikilegea, gia hubadilika laini mno, mwenye gari anasifia, kumbe pleti zinabanwa na presha ndogo na kuungua polepole. Ikikazwa kupita kiasi, kila gia inaingia kwa kugonga. Ukikuta mtu amefungua nati za kebo ili "gia ziwe laini", mchawi umeshamwona.

Taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, yaani gia ya nne) ikimeta yenyewe, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye plagi ya uchunguzi iliyo chini ya boneti, swichi ya gari ikiwa ON na injini imezimwa, swichi ya O/D nayo iwe ON. Hesabu mimeto: 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 ni solenoidi (valvu ya umeme inayoongoza oili) namba 1, 63 ni namba 2, na 64 ni ya lokapu, inayofunga toki konveta. Ya 64 ni janja: haimetishi taa safarini, utaiona tu ukiuliza. Solenoidi nzima hupima omu 11 hadi 15 ikiwa baridi, na ukiipa volti 12 lazima ilie "ta". Ikilia lakini haipitishi hewa sawasawa, ndani imejaa uchafu.

Sasa jaribio linalookoa pesa nyingi kuliko yote. Chomoa plagi ya solenoidi na uendeshe. Bila umeme, D inatoa gia ya nne, 2 inatoa ya tatu, L inatoa ya kwanza, R inabaki R. Ondokea L, panda hadi 2, kisha D. Ukisikia gia tatu tofauti na hakuna kinachoteleza, ndani hakuna ubovu. Tafuta kwenye waya, sensa, solenoidi na kompyuta. Boksi nyingi zimeshushwa bure kwa sababu ya plagi iliyoshika kutu.

Kusoma dalili

Kila gia ina kundi lake la klachi na breki, na ukilijua kundi hilo unaweza kutaja pleti iliyoungua gari likiwa bado na magurudumu yote manne chini. Herufi C ni klachi, B ni breki, F ni klachi ya njia moja. C1 inafanya kazi gia zote za mbele. C2 inafanya kazi gia ya tatu, ya nne na rivasi. B3 inashika rivasi na L. B2 inashika ya pili (pamoja na klachi ya njia moja F1), na B0 inashika ya nne peke yake. Gia ya kwanza kwenye D haishikwi na breki yoyote. Inashikwa na klachi ya njia moja, F2.

Cheza na hayo. Rivasi inateleza na ya tatu inateleza: C2. Rivasi inateleza lakini ya tatu ni nzima: B3, na utathibitisha kwa kushuka mlima ukiwa L, injini haitazuia gari. D haiondoki, ukiweka L inaondoka vizuri: F2 imechoka, au kuna aliyeifunga kichwa chini miguu juu. Ya pili inateleza kwenye D lakini ukishusha mkono kwenye 2 inashika: ni B2 au F1, kwa sababu kule kwenye 2 breki ya ukanda B1 inaingia kusaidia. Nne tu: B0.

Jaribio la stoo ("stall", injini inakanyagwa gari likiwa limezuiwa) linamalizia. Weka mawe kwenye magurudumu, hendibreki juu, mguu wa kushoto ukandamize breki, kanyaga mafuta mpaka mwisho ukiwa D, kisha R. Kila mara isizidi sekunde 5, na uache dakika nzima ipite kabla ya kurudia. Injini nyingi za kundi hili husimama kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari. Ikizidi kwenye D tu, C1 au F2. Kwenye R tu, C2 au B3. Kote kuwili, presha ni ndogo au F0, klachi ya njia moja ya overdrive, imechoka. Ikiwa chini kote, injini haina nguvu au stata (gurudumu la kati) iliyo ndani ya toki konveta, ile inayounganisha injini na boksi kwa oili, haishiki. Pima pia muda: kutoka N kwenda D gari lishtuke ndani ya sekunde 1.2, kwenda R ndani ya 1.5.

Kuifungua

Sampo (bakuli la oili la chini) ikishuka, soma sumaku iliyo ndani yake. Tope la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyonata ni chuma: beringi, meno au pleti za chuma. Vya njano visivyonata ni bushi.

Valvu bodi, bamba lenye njia na valvu za oili, iweke mezani bila kuigeuza ovyo, na unapoitenganisha nyanyua ile bamba la kati pamoja na nusu ya juu, vinginevyo vigololi vitadondoka na hutajua kila kimoja kilikaa wapi. Piga picha. Osha kwa mafuta ya taa safi, kausha kwa hewa, usitumie tambara lenye nyuzi. Kila valvu iliyolowa ATF (oili ya giaboksi) lazima iteleze kwa uzito wake ukiinamisha bodi. Inayosita ina mkwaruzo au vumbi la pleti, na huyo ni mchawi wa pili.

Hesabu pleti za kila dramu (ngoma inayozibeba) unapozitoa, maana idadi hutofautiana kulingana na injini, na seti ya dukani inaweza kuwa ya gari jingine. Pleti ya chuma yenye madoa ya bluu au iliyopinda haipigwi msasa, inatupwa. Badilisha sili na oringi zote za pistoni hata zikionekana nzuri. Mpira uliokaa kwenye joto kwa miaka umekuwa mgumu kama plastiki.

Kuifunga

Loweka pleti mpya kwenye ATF, saa mbili ni sawa. Ukishafunga kila dramu, pima nafasi kwa fila geji (vipimo vyembamba vya bati). Kanuni ya karakana ni takriban milimita 0.25 kwa kila pleti ya karatasi, yaani pleti nne ziwe na karibu milimita 1. Nafasi ikiwa ndogo, pleti zinasuguana hata zikiwa zimeachiwa. Ikiwa kubwa, gia inachelewa na kugonga. Rekebisha kwa bamba la mwisho la unene mwingine. Ukanda wa B1 pistoni yake itembee milimita 1.5 hadi 3.0.

Kabla ya kurudisha valvu bodi, puliza hewa ya kilo 4 hadi 8 kwa sentimita ya mraba kwenye kila tundu la oili. Usikie mlio mzito, "dup", wa pistoni ikibana pleti. Ukisikia hewa ikivuja tu, sili imekunjika. Fungua sasa hivi, si baada ya kupandisha. Bolti za valvu bodi ni Nm 10, za sampo ni Nm 7 tu. Wanaozikaza kwa nguvu za mkono ndio wanaopinda sampo na kulaumu gasketi.

Toki konveta igeuze, imwage, itie lita ya oili safi, itikise, imwage tena mpaka itoke safi. Kama sampo ilikuwa na chuma, nunua nyingine. Ukiiingiza, zungusha huku ukisukuma: inadondoka mara tatu, kwenye shafti, kwenye stata, na mwisho kwenye meno ya pampu. Boksi likigusana na injini, konveta lazima bado izunguke kwa mkono na iwe na nafasi kidogo kabla haijaifikia flaiwili (sahani ya injini inakofungwa). Ikiwa imebanwa, haijaingia pampu. Ukivuta kwa bolti, pampu inapasuka siku hiyohiyo.

Kula ya rejeta ioshe kwa mafuta ya taa na hewa ya presha ndogo, kinyume na njia ya oili, mpaka itoke safi. Uchafu wa boksi la zamani umejificha humo. Mimina lita 4 za Dexron II au III, washa, ongeza mara moja. Boksi kavu na konveta yake hubeba lita 7 hadi 8. Kisha fungua bomba la kurudisha oili, lielekeze kwenye chupa: injini ikiunguruma polepole, karibu lita moja ijae ndani ya sekunde 20 hadi 30. Ikichuruzika tu, kula imeziba. Usimkabidhi mtu gari.

Baada ya kilomita 1,000 shusha sampo, safisha sumaku, rudisha lita 2 mpya. Tope jembamba la kijivu safari hii limeruhusiwa.