Kabla hujakimbia Mutrah: mambo ya kuzingatia kwenye kornishi na vilima vya Maskati

Ukizitazama kwenye ramani, njia za kukimbilia kati ya Mutrah, mtaa wa bandari wa Maskati huko Omani, na Maskati ya zamani zinaonekana za kitoto. Kornishi yenyewe, yaani barabara ya kando ya bahari, ina kama kilomita 3 za tambarare, bahari upande mmoja na majabali upande wa pili. Njia ya mlimani iliyopewa namba C38, inayotoka Riyam na kushukia nyuma ya nyumba za Mutrah, nayo haifiki kilomita 3. Hata hivyo anayetembea huambiwa atenge saa moja na nusu hadi mbili kuimaliza. Mkimbiaji aliyetoka Dar, Mombasa au Unguja, ambaye kilomita 3 kwake ni za kupasha misuli tu, asilipuuze hilo. Umbali hapa hausemi lolote la maana. Kinachoamua ni jua, mawe na maji, na yote matatu unayapanga nyumbani usiku wa kuamkia, kabla hujafunga kamba za viatu.

Anza na kalenda. Msimu wa kukimbia Maskati ni kuanzia Novemba hadi Machi, asubuhi zikiwa na upepo mwanana na hewa ikiwa kavu kiasi. Aprili na Oktoba ni miezi ya kuvizia: leo sawa, kesho tanuri. Kuanzia Mei hadi Septemba, ushauri wangu ni kubaki kwenye kornishi na kuviacha vilima. Wapo watakaosema nimezidisha woga, lakini tazama sheria ya kazi ya Omani: kila mwaka, Juni hadi Agosti, ni marufuku kumfanyisha mtu kazi juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri. Ikiwa fundi aliyezoea jua hilo miaka yote anaamriwa na serikali akae kivulini, wewe uliyeshuka kwenye ndege juzi unakimbilia nini?

Wala usidhani usiku utakuokoa. Sisi wa pwani tumezoea kwamba jua likizama upepo wa bahari unafanya kazi yake. Quriyat, mji wa pwani ulio kusini-mashariki mwa Maskati, mwishoni mwa Juni 2018 ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi. Hiyo ndiyo ilikuwa baridi ya alfajiri! Mara nyingine upepo wa joto hushuka kutoka bara na kuusukuma nyuma ule wa bahari, na hapo saa ya ukutani haikusaidii kitu. Kwa hiyo usiangalie saa peke yake. Angalia joto la saa ile utakayotoka, na unyevu wake, kwa sababu nyuzi 33 zenye unyevu mzito zinachosha kuliko 38 kavu: jasho linatiririka tu, halikauki, na mwili haupoi.

Kuhusu saa ya kutoka, kumbuka Omani iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki. Mwezi Juni jua huchomoza kama saa 11:20 alfajiri, na Januari ni karibu saa 12:50 asubuhi. Wakati wa joto, uwe umeshamaliza kabla jua halijavuka vilele, maana likishavuka hakuna mti wa kukuficha.

Tuje kwenye mawe, kwani hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Vilima hivi si udongo wala si mchanga uliogandana. Ni miamba iliyotoka chini kabisa, ndani ya dunia, chini ya sakafu ya bahari ya kale, ikasukumwa juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita. Wataalamu wa miamba husafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuitazama, kwa sababu penginepo imezama ndani mno isifikiwe. Kwa mkimbiaji inamaanisha mambo mawili. La kwanza, rangi yake ni kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, kwa hiyo inakunywa jua mchana kutwa na kukaa nalo kama jiko la mkaa lililozimwa jioni. Ukipita kwenye mwanya kati ya miamba miwili saa 2 usiku unasikia joto likikupiga mashavuni kutoka pande zote mbili. La pili, inamomonyoka vipande vipande vyenye makali, na vipande hivyo vimelala juu ya njia bila kushikana. Ukikanyaga, kinachoteleza si kiatu. Ni lile jiwe chini ya kiatu.

Ndiyo maana raba za barabarani, zile zenye soli laini na nyororo, zinafaa kornishi tu. Kwa C38 vaa zenye meno chini na pua ngumu, na soksi zinazofunika kifundo, kwani changarawe hupenda kuingia humo. Kama huna, panda kwa kutembea. Kusema kweli hata mwenye viatu vizuri atatembea sehemu nyingi za mteremko, na hakuna aibu yoyote.

Upande wa kuanzia nao una maana. Anzia Riyam. Alama yake huikosi: mnara mweupe wenye umbo la chetezo, mkubwa kama nyumba, juu ya kilima kando ya bahari. Kupanda kwenyewe kunaanza papo hapo na ni kukali, kwa hiyo unaufanya ukiwa na nguvu na hewa ikiwa bado ya alfajiri. Ukishafika juu, bandari yote ya Mutrah iko chini yako, halafu njia inateremka polepole ndani ya bonde, inapita kwenye magofu ya makazi ya zamani na kutokea mtaani. Kutoka hapo unarudi Riyam kwa kornishi, tambarare tupu, na mzunguko umekamilika. Ukigeuza, mteremko mkali unaukuta mwishoni, magoti yakiwa yamechoka na mawe yakiwa yamelegea chini yako. Fuata alama zilizopakwa kwenye miamba: michirizi ya njano, nyeupe na nyekundu. Ukipita muda bila kuiona, usisonge mbele kwa kubahatisha kwa kuwa eti Mutrah inaonekana pale chini. Rudi mpaka kwenye alama ya mwisho uliyoiona. Vijia vya mbuzi viko vingi, navyo huishia kwenye majabali ambayo mbuzi anayaweza na wewe huyawezi.

Maji: lita moja kwa mzunguko huo wakati wa baridi, na zaidi hali ikianza kuwa ya joto. Usitegemee kupata maji njiani. Mlimani hakuna duka wala bomba. Chukua mfuko wa mgongoni wa kukimbilia badala ya chupa ya mkononi, ili mikono yote miwili iwe huru ukijikwaa. Maji matupu hayatoshi kwa anayetoka jasho jingi, kwa hiyo weka paketi moja ya zile chumvi za kurudisha maji mwilini zinazouzwa famasi, pamoja na tende tatu nne. Ukimaliza, lebeni (maziwa ya mgando ya kunywa) yenye chumvi kidogo kutoka duka lolote la Mutrah inafanya kazi nzuri kuliko vinywaji vingi vya rangi vya wanamichezo, na bei yake ni ya kucheka.

Jifunze pia dalili za kuzidiwa na joto, zako na za mwenzako. Kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza na mwili kusisimka kama wa baridi ilhali jua linawaka, hizo ni za kukaa kivulini, kunywa na kuikatiza safari. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoshikana, kuyumba au kugombana bila sababu, hapo si uchovu tena, ni hatari ya maisha. Mwondoe juani, mloweshe maji mwili mzima, mpepee kwa chochote ulicho nacho, na piga 9999, namba ya dharura ya Omani. Usimlazimishe kunywa kama fahamu zimepotea.

Kuna jambo la maji jingine ambalo mgeni halifikirii katika nchi kavu namna hii. Bonde unalokimbilia ni wadi, yaani njia ya maji, hata kama limekauka mwaka mzima. Mvua inaweza kunyesha ndani milimani, wewe ulipo pana jua, na maji yakakukuta bila kubisha hodi. Miamba hii hainywi maji, kila tone linateremka. Aprili 2024 mafuriko ya wadi katika Omani yaliua watu, wakiwemo watoto wa shule waliosombwa ndani ya gari, na kuendesha gari kuvuka wadi inayotiririka ni kosa kisheria. Kwa hiyo soma utabiri wa nchi nzima, si wa Maskati peke yake, na kukiwa na tahadhari yoyote ya mvua au kimbunga, ahirisha. Kwenye mabonde yale kingo ni wima, huna pa kukwea haraka.

Mavazi hayana mengi. Kaptura ipite magoti, fulana iwe na mikono. Wanawake wengi huvaa suruali nyepesi na jezi ndefu, na hakuna anayekutazama mara mbili. Kofia ni lazima. Mwezi wa Ramadhani, kunywa maji hadharani mchana si adabu na kuna sheria juu yake, hata kwa asiyefunga, kwa hiyo kimbia baada ya kufuturu au ngoja tarawehe ziishe. Kornishi wakati huo ina taa na familia tele, na kwa ladha yangu hakuna saa nzuri zaidi ya kuiona.

Wenye pumzi huunganisha safari kusonga mbele: kutoka Riyam kupita Kalbuh hadi Maskati ya zamani, mbele ya Kasri ya Al Alam yenye ngome za Jalali na Mirani pande zote mbili. Aliyewahi kusimama chini ya Fort Jesus ya Mombasa atazitambua mara moja, ni mkono uleule wa Wareno wa karne ya 16, na ni Waomani haohao waliowatoa, Maskati mwaka 1650 na Mombasa 1698. Usipige picha askari. Kisha barabara inapita Sidab na Haramil, vijiji vya wavuvi, ikipanda na kushuka hadi Al Bustan. Hapa adui si jiwe, ni gari: kuna kona zisizoonyesha mbele na sehemu ambazo pembeni ni finyu, kwa hiyo kimbia ukiyaelekea magari, vaa kitu kinachong'aa, na acha vile vidude vya masikioni mfukoni. Kwenye mzunguko wa barabara wa Al Bustan limewekwa Sohar, jahazi lililosafiri kutoka Omani hadi China mwaka 1980 na 1981. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kama mitepe, vyombo vya kushona vya kwetu pwani, na ni pazuri pa kugeuzia.

Mwisho, simu. Pakua ramani kabla hujatoka, kwa sababu ndani ya mabonde mtandao hukatika. Mtumie mtu ujumbe unaosema unaanzia wapi, unatokea wapi na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi, kisha mwambie ukifika. Njia ya mlimani usiende peke yako mara ya kwanza. Na weka rial moja au mbili kwenye mfuko wa kaptura, kwani mabasi ya Mwasalat yanatoka Mutrah kwenda Ruwi, mtaa wa biashara wa jijini, na ukiteguka mguu upande wa Mutrah hutakuwa na hamu ya kuurudia mlima.