Giligilani na rehani hazioti? Fukua kabla ya kumwagilia tena

Mbegu za giligilani (Wakenya wanaziita dania) zikikataa kuota, wengi huongeza maji, na maji yakishindwa humlaumu muuza mbegu. Mteja akinijia na malalamiko hayo mimi humuuliza kwanza: umefukua? Mbegu iliyokaa udongoni wiki mbili huwa na alama ya kilichoizuia. Ukiisoma vizuri hutapoteza pakiti ya pili kwa sababu ileile.

Ninaandika kwa wanaopanda kwenye ndoo, makopo na trei huku kwenye joto la pwani: Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Aliyeko Lushoto au Limuru atakuta baadhi ya shida hizi hazimfikii kabisa.

Hatua ya 1: Subiri muda wake, kisha fukua

Rehani huota kati ya siku 5 na 10. Giligilani huchukua siku 7 hadi 14, na mara nyingine hufika wiki ya tatu. Paseli ndiyo inayowavunja watu moyo, maana inaweza kukaa wiki 3 au 4 kabla ya kuchungulia. Muda ukipita, chukua kijiti, fukua mbegu chache sehemu tofauti za chombo, uzibane kwa kucha.

Ikiwa ngumu na kavu, maji hayakuifikia. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa husukuma maji. Yanateremka kandokando ya ndoo na kutokea chini, wewe unadhani umemwagilia. Tumbukiza chombo kwenye beseni la maji kinyonye kutoka chini mpaka juu kulowe.

Ikiwa laini, inatoa uji na kunuka, imeoza. Angalia matundu ya chini ya chombo kabla ya kitu kingine chochote.

Ikiwa imevimba lakini haina mzizi, na ni giligilani, shuku joto. Ikiwa imechipuka ikaishia njiani, umeifukia mno au udongo wa juu umeganda. Giligilani inatosha kufunikwa sentimita 1; rehani inatawanywa juu na kunyunyiziwa udongo mwembamba tu.

Usipoona mbegu yoyote, sisimizi wamehama nazo. Weka trei juu ya matofali ndani ya sahani yenye maji.

Hatua ya 2: Jaribu mbegu zilizobaki

Panga mbegu 10 kwenye karatasi laini iliyolowa, ikunje, itie kwenye mfuko wa nailoni, uiweke mahali pa baridi kidogo. Kando ya mtungi wa maji panafaa sana. Zikiota 7 au zaidi, mbegu ni nzima na tatizo liko kwenye ndoo yako. Zikiota 4 hadi 6, sia mara mbili ya kawaida. Chini ya hapo usijisumbue.

Giligilani ya duka la viungo huota vizuri tu kama haijakaangwa wala kuvunjika, na ni rahisi kuliko ya pakiti. Inunue mahali inapouzika haraka. Iliyokaa kwenye gunia miaka miwili ni ya pilau.

Hatua ya 3: Giligilani ishughulikie peke yake

Hapa ndipo penye kazi. Ile punje ya mviringo ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Iviringishe chini ya chupa kwa mkono mwepesi mpaka ipasuke vipande viwili, bila kuiponda. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, sia asubuhi.

Sia palepale itakapokulia. Ina mzizi mrefu wa katikati na haipendi kuhamishwa. Ukiing'oa na kuipanda upya, mara nyingi hukimbilia kutoa maua.

Joto ndilo adui mkubwa. Giligilani hupenda udongo wa nyuzi 15 hadi 20 hivi, na ukizidi 30 uotaji hushuka sana. Ndoo nyeusi iliyoachwa juani wakati wa kaskazi hupita hapo kabla ya adhuhuri. Tumia chombo cheupe, au kizungushie gunia lililolowa, kipate jua la asubuhi tu. Kipupwe kikifika, kuanzia Juni hadi Agosti, mbegu zilezile zitakushangaza. Msimu wa joto mimi husia kidogokidogo kila baada ya wiki tatu na kuvuna ingali changa, kwa sababu maua yatakuja tu.

Na tafadhali, majani mawili ya kwanza ya giligilani ni marefu na membamba, hayana mkato wowote. Watu huyang'oa wakidhani ni nyasi.

Hatua ya 4: Imeota, kisha inaanguka

Jana miche ilikuwa imesimama, leo imelala, na shina limesinyaa kama uzi pale linapogusa udongo. Hicho ni kinyausi, kinacholetwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia. Mche ulioanguka hauponi. Utoe pamoja na udongo unaouzunguka, acha kumwagilia mpaka juu kukauke, ondoa kifuniko cha nailoni, punguza miche iliyosongamana.

Kabla ya kusia tena, osha trei kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Udongo uloweshe, uutandaze juani chini ya nailoni angavu wiki 4 hadi 6. Mwenye haraka aumwagie maji yanayochemka na aache upoe. Samadi mbichi isikaribie kitalu. Majivu ambayo kila mtu anayasifu siyatii kwenye trei, kwa kuwa yanaongeza chumvi, na miche midogo haistahimili.

Tukizungumzia chumvi: ncha za majani zikiungua na utando mweupe ukijitokeza juu ya udongo, onja maji yako ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi ambayo mchicha unaivumilia, mche wa wiki moja hauwezi. Mwagilia maji ya mvua au ya bomba mpaka miche ikomae.

Miche mirefu, myembamba, inayoinamia dirisha inakosa mwanga. Itoe nje polepole, saa chache kwanza.

Hatua ya 5: Rehani inageuka njano

Usiloweke mbegu za rehani. Zikipata maji huvaa ute, kama zile za kwenye faluda, na hushikamana usiweze kuzitawanya.

Mche ukishakua, majani yakianza kuwa njano katikati ya mishipa, geuza jani. Chini kukiwa safi, jaribu mbolea. Ukikuta vumbi la kijivu, ni ukungu wa Peronospora, na mbolea haisaidii kitu. Ugonjwa huu si mgeni kwetu: uliripotiwa Uganda miaka ya 1930, kabla ya kusambaa Ulaya na Marekani miaka ya 2000. Ng'oa mimea iliyoathirika, panda kwa nafasi, mwagilia asubuhi kwenye udongo na si juu ya majani.

Hatua ya 6: Usizopaswa kuhangaika nazo

Mbegu za rozimari huota chache na kwa kuchelewa, na za mnanaa mara nyingi hazitoi mmea wenye harufu ya mama yake. Mchaichai nao hugawanywa tu, shina lenye mizizi kidogo. Mnanaa weka kwenye glasi ya maji mpaka utoe mizizi. Rozimari kata tawi changa la sentimita 10, ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, na usilivute kuangalia mizizi kabla ya wiki 4.