Miguu laini chini ya spika: pima kwanza kama unaihitaji

Kabla hujatoa hela ya miguu ya springi au ya raba, angalia spika zimekaa juu ya nini. Nyumba nyingi za chini hapa Mwanza, iwe Nyegezi, Igogo au Pasiansi, zina sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya kifusi au juu ya mwamba wenyewe, kisha tailizi. Spika ya kilo 8 haina ubavu wa kuitikisa sakafu hiyo kiasi cha kusikika. Kama umeziweka kwenye stendi nzito juu ya zege, miguu mipya itabadilisha muonekano tu. Hali ni nyingine zikiwa juu ya kabati la TV, shelfu ya mbao au meza ya MDF, au sabufa ikiwa ghorofani na chini yako kuna watu. Hapo mtetemo wa boksi huingia kwenye mbao, na mbao nazo hutoa sauti yake ambayo haimo kwenye wimbo.

Maelezo haya ni ya spika za mezani za kilo 4 hadi 12 na sabufa za nyumbani.

Hatua ya 1: Tafuta kinachokoroma

Pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio wa hezi (mitetemo kwa sekunde) unazochagua mwenyewe. Weka sauti ya wastani, anza na hezi 50, panda taratibu hadi 200. Usiongeze sauti: mlio mmoja usiokatika huichosha na kuipasha moto koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni ya spika) kuliko muziki. Huku mlio ukipanda, gusa kila kitu kwa kiganja: juu ya kabati, milango, kioo cha shoukesi, dirisha. Panapokoroma, andika namba.

Mara nyingi mkosaji ni hadibodi ya mgongo wa kabati, ile iliyopigiliwa visumari vinne vitano basi. Paka gundi ya mbao pembezoni, funga skrubu kila sm 15. Kioo cha dirisha la aluminiamu kilicholegea, sukumia raba yake ndani. Wengi huishia hapa, na hawana tena haja ya miguu.

Hatua ya 2: Jua mtetemo unapita wapi

Sauti hulifikia kabati kwa njia mbili: kupitia chini ya boksi, na kupitia hewani. Miguu huzuia ya kwanza peke yake. Kuzitofautisha, nunua kwa fundi baiskeli tyubu ya baiskeli ya mtoto, inchi 12. Ijaze upepo kidogo sana, ilale kama chapati nene, weka juu yake kipande cha plaiwudi, kisha spika. Hakikisha plaiwudi haigusi kabati popote. Shikilia spika kwa mkono mpaka itulie, maana hapo inaelea.

Rudia zile namba ulizoandika, kwa sauti ileile. Kikoromo kikiisha, miguu itakusaidia. Kikibaki, kinaletwa na hewa, na hakuna mguu wa bei yoyote utakaokiondoa.

Kuna mtego hapa. Tyubu imeinua spika sm 4 au 5, na kimo peke yake kinabadilisha sauti, hasa twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ikisogea karibu na usawa wa masikio. Kwa hiyo usilinganishe spika iliyo kwenye tyubu na spika iliyo chini kabisa. Tafuta vipande vya mbao ngumu vya kimo kilekile, linganisha hivyo viwili. Ukiona mbao nazo "zimesafisha" sauti, ulihitaji stendi, si miguu.

Hatua ya 3: Linganisha mguu na uzito

Hapa ndipo watu hupoteza hela. Mguu laini hauzuii chochote kama haujabonyea vya kutosha, na ukibonyea mpaka mwisho unageuka jiwe.

Anza na uzito halisi. Panda kwenye mizani ukiwa umebeba spika, panda tena bila spika, toa. Kama huna mizani ya bafuni, funga spika kwenye kanga na uombe mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Usiamini uzito ulioandikwa kwenye katoni, kwa sababu huenda ni wa jozi nzima na vifungashio vyake.

Sasa kanuni. Chukua 15.8, gawa kwa kipeuo cha pili (alama ya √ kwenye kikokotoo) cha milimita ambazo mguu umebonyea kwa uzito wa spika. Jibu ni hezi ambazo spika itayumba yenyewe juu ya mguu huo. Ikibonyea mm 1 ni hezi 16, mm 4 ni hezi 8, mm 10 ni hezi 5. Kuzuia kunaanza pale sauti inapozidi namba hiyo mara 1.4. Chini ya hapo mguu hauzuii, na kwenye namba yenyewe unaongeza mtetemo badala ya kuupunguza. Sauti ikiwa mara 3 ya namba hiyo, kinachopita ni kama sehemu 1 ya 8. Spika ya mezani inayoshuka hadi hezi 50 inataka mguu wa hezi 16 au chini, na sabufa ya hezi 30 inataka hezi 10 au chini. Lenga mm 4 hadi 5, utakuwa salama kwa zote mbili.

Mfano: spika ya kilo 8 kwenye miguu minne. Kila mguu unabeba kilo 2, sawa na niutoni 20. Ili ubonyee mm 5, springi iwe ya niutoni 4 kwa milimita. Kuijaribu, panga springi nne chini ya ubao, pima kimo kwa rula, weka juu yake ndoo yenye lita 8 za maji, pima tena. Springi za klachi ya pikipiki ni ngumu mno kwa kazi hii, hazitabonyea vya kutosha. Baada ya kupakia, pitisha karatasi ngumu kati ya mizunguko ya springi. Isipopita, springi imefika mwisho, chukua ngumu zaidi. Jaza sponji ndani ya springi ili spika isiendelee kucheza ukiigusa.

Raba ina tabia zake. Haitakiwi kubonyezwa zaidi ya asilimia 20 hivi ya unene, kwa hiyo raba ya mm 10 inakupa mm 2 tu. Isitoshe, mpira ukitikiswa upesi huwa mgumu kuliko unapokandamizwa polepole, hivyo hezi halisi ni nyingi kuliko hesabu inavyosema. Vipande vya ndala ni vya majaribio tu: hubonyea na kubaki vimebonyea. Sorbothane, mpira laini maalumu wa kunyonya mtetemo, ni nzuri, lakini huuzwa kwa madaraja ya ulaini, na ukichukua daraja gumu kwa spika nyepesi umenunua kigingi cha bei mbaya. Kwangu springi kwanza, raba baadaye.

Miguu ya misumari haizuii mtetemo, inaukabidhi kwa kilicho chini, na inachimba tailizi. Hoja kwamba inazuia boksi lisirudi nyuma koni inapoenda mbele haina uzito. Koni na koili yake zikiwa gramu 15 na boksi kilo 6, tofauti ni mara 400. Koni ikisogea mm 4, boksi, hata likielea, litasogea mm 0.01.

Jambo moja zaidi: hesabu hizi zinadhani kilicho chini ni kigumu. Shelfu inayopinda ukiibonyeza kwa kidole itaharibu hesabu yote. Iweke nguzo katikati kwanza.

Hatua ya 4: Kufunga

Sumaku za spika ziko mbele, kwa hiyo mbele ni kuzito. Laza kipande cha bomba chini ya spika, kisogeze mpaka isimame sawasawa bila kuelemea upande. Chora mstari hapo kwa penseli, weka miguu ya mbele na ya nyuma umbali sawa kutoka kwenye mstari. Ukiipanga pembeni kwa mazoea, ya mbele itabonyea zaidi na spika itainama.

Sabufa yenye spika inayotazama chini, usiishushe kimo. Kama miguu yake inafungwa kwa skrubu, pima unene wa skrubu ya zamani, M6 au M8, na urefu wake. Tundu likibaki wazi, boksi litapuliza hewa na utasikia mluzi kwenye besi. Lizibe.

Spika ndefu za kusimama sakafuni usiziweke kwenye springi kama nyumbani kuna watoto. Kwenye zege hazipati faida yoyote, na kuanguka ni rahisi.

Miguu haitafanya haya

Besi inayojaa kona moja na kupotea nyingine ni ya chumba. Sebule ya mita 3.5 huvimbisha sauti karibu na hezi 49, na dawa ni kusogeza spika au kiti. Anza na sm 30.

Jirani wa vyumba vya kupanga naye ataendelea kukusikia. Kuta nyingi huishia kwenye siling bodi na paa juu yake ni moja, sauti inapita huko juu. Kwa jirani wa ghorofa ya chini, miguu chini ya sabufa husaidia kweli, kwa ile besi inayopita kwenye zege.

Baada ya wiki 2, pima tena kimo cha kila mguu. Raba huendelea kushuka taratibu, na baadhi yake huacha madoa ya mafuta kwenye vanishi. Kata kipande cha plastiki ngumu, kiweke katikati ya raba na mbao.