Somo: Kuwatazama ndege wenye haya uani kwako wakati wa kutaga

Watu hulipia mtumbwi kwenye kinamasi cha Mabamba, hapa Uganda, ili wamwone domokiatu, ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, na wana haki yao. Somo hili ni la waliobaki nyumbani. Ndani ya michongoma yako mna ndege uliowasikia miaka nenda rudi bila kuwaona sawasawa, na msimu wa kutaga ndio pekee unaowalazimisha kutoka. Ukimvizia ndege wa aina hii atakushinda. Wewe kaa, yeye mwenyewe atakuonyesha anakoishi.

Hatua ya 1: Jua msimu wako. Hapa kwetu ndege hufuata mvua. Kusini, kuanzia Kampala hadi Masaka, mvua huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi kuelekea Desemba. Kaskazini, Gulu na Arua, msimu ni mmoja mrefu, takriban Aprili hadi Oktoba. Mvua huleta wadudu, na wadudu ndio chakula cha makinda. Mbayuwayu wa Ulaya unaowaona kwenye nyaya za umeme mwezi Novemba usiwahesabu. Hao huzaa kwao.

Hatua ya 2: Chagua kiti, usikihamishe. Barazani, au nyuma ya dirisha lenye pazia lililoachwa wazi kidogo. Ndege humzoea mtu anayekaa mahali pamoja kuliko yule anayenyata, maana kunyata ndiyo tabia ya paka. Keti tangu saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi, au jioni baada ya saa 11. Ukinunua darubini, chukua ya 8×42, yaani inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42. Zile za kukuza mara 12 hutikisika mkononi, na uani huna umbali wa kuzihitaji. Na tafadhali usiielekeze kwenye madirisha ya jirani. Utamweleza nani kwamba ulikuwa unatafuta ndege?

Hatua ya 3: Sikiliza kwanza. Kurumbiza, mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, huanza wimbo wake chinichini kabla jua halijatoka, akaupandisha hadi ukadhani amekaribia. Mara nyingi hajasogea hata hatua. Tiva huimba wawili wawili: mmoja hupiga mluzi, mwenzake humjibu haraka mno hivi kwamba wengi hudhani ni ndege mmoja. Yupo tiva mweusi mwenye kifua na tumbo jekundu kali, wa kawaida sana Kampala na Entebbe, lakini watu wengi wanaijua sauti yake tu. Dudumizi utamtambua kwa mlio unaoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Pugi, njiwa mdogo wa kivulini, hutoka ghafla miguuni pako, ukabaki na mbawa za kahawia-nyekundu zikipotea kichakani.

Hatua ya 4: Utazame mdomo. Hapa ndipo penye siri yote. Ndege aliyebeba mzizi mkavu au utando wa buibui anajenga. Asiyebeba kitu, anayetoka mara moja kwa muda mrefu, akala upesi na kurudi kimya, huenda anaatamia. Aliyebeba kiwavi bila kukimeza ana makinda. Na ukimwona akitoka kichakani na kifuko cheupe mdomoni, huo ni uchafu wa makinda, anautupa mbali ili adui asipajue nyumbani. Hapo huna haja ya kupekua majani. Umeshajua kiota kiko upande gani na kimefikia wapi, nawe bado umekaa na chai yako.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, amebeba nini, ameingilia wapi. Baada ya siku chache utaona njia yake, kwa kuwa kila ndege ana tawi lake la kutua kabla ya kuingia.

Hatua ya 5: Achana na kiota. Usitenge matawi ili upige picha. Majani yale ndiyo paa na ndiyo mlango. Usicheze sauti za ndege kwenye simu, kwani dume huacha kazi yake kwenda kumfukuza mpinzani asiyekuwapo. Ukiona ndege ameshika mdudu mdomoni, anarukaruka na kulia bila kuingia, umekaribia mno. Rudi nyuma mpaka aingie.

Maji ni chambo kizuri kuliko chakula. Weka sahani pana, kina cha vidole viwili, karibu na kichaka, na uyabadilishe kila siku ili usifuge mbu. Mabaki ya posho (ugali) na nyama usitupe uani. Yatamwita kunguru, naye akishamaliza nyama hutafuta mayai.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mwanachama wa Mbale: Mwalimu, watoto wameokota kinda chini ya mparachichi. Nasikia likishaguswa na mtu mama yake hulikataa.*

Hapana, dada, halikataliwi kwa sababu hiyo. Kama halina manyoya, lirudishe kiotani ukikipata. Kama lina manyoya na linaruka-ruka, huo ndio umri wake wa kutoka. Liweke kwenye kichaka cha karibu, mfungie paka ndani, waambie watoto wakae mbali. Wazazi watakuja kulilisha.

*Mwanachama wa Jinja: Kuna ndege anapigana na kioo cha gari langu kila asubuhi. Ni mambo ya uchawi?*

Ni mambo ya mipaka, kaka. Anaona dume mwenzake kwenye eneo lake. Funika kioo kwa nje na gunia mpaka msimu upite.

*Mwanachama wa Entebbe: Kurumbiza wangu analisha kinda moja kubwa kuliko yeye mwenyewe!*

Hongera na pole. Huenda huyo ni kinda wa kekeo kifua-chekundu, ambaye jike lake hutaga kwenye viota vya kurumbiza. Kinda la kekeo likianguliwa husukuma nje mayai au makinda ya mwenye nyumba. Linaudhi, lakini usiliondoe. Kekeo naye ni ndege wetu, na hajui kujenga. Msimu ujao kurumbiza anaweza kujaribu tena.

*Mwanachama wa Arua: Dudumizi akilia, mvua inakuja kweli?*

Hulia sana majira ya mvua, kwa hiyo hukosea mara chache, mzee.

*Mwanachama wa Kampala: Mwenye nyumba anataka ua ukatwe wiki hii, na kiota kimo. Mimi ni mpangaji tu.*

Mwombe mwezi mmoja. Kwa kurumbiza, kuatamia ni kama wiki mbili na kidogo, na makinda hukaa kiotani kiasi kicho hicho. Akikataa, mwombe mkataji aruke mita mbili kila upande wa kiota. Sehemu nyingine ya ua inaweza kukatwa leo. Baadaye mpendekezee kukata Januari au Julai, wakati wa ukavu, na bado mkague kwanza: pugi hutaga hata nje ya msimu, na kiota chake ni vijiti vichache tu visivyoonekana kwa haraka.